Mikono ya Mjomba Pumzi

Kofi la kwanza alilonizaba mjomba wangu lilitokana na chafya. Ilikuwa siku yangu ya tatu kwenye meza yake. Nilikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, nimeolewa nikaachika, na mbele yangu palikuwa na saa ndogo ya kike iliyofunguliwa mgongo. Nikapiga chafya. Kabla sijasema samahani shavu lilishawaka moto, na yeye alishainama juu ya saa ile, anaipangusa kwa brashi laini huku anaisemesha taratibu: pole, pole, yamekwisha. Pole ile ilikuwa ya saa. Mimi sikupewa hata ya kuazima.

"Mate yana chumvi," alisema bila kuniangalia. "Chumvi inakula shaba. Siku nyingine geuza kichwa, au kiache nyumbani."

Soko zima lilimwita Pumzi, kwa sababu hilo ndilo neno alilomfokea kila aliyeinama kuchungulia saa iliyo wazi. "Pumzi!" Maana yake ufunge mdomo, ubane pua na urudi nyuma. Meza yake ilikaa chini ya ngazi za jengo la maduka, kulia kwake fundi viatu, kushoto mama mmoja wa matunda, na mbele yao muuza simu. Wote watatu alishawapiga. Muuza simu alipigwa kwa kuegesha spika kubwa kwenye kona ya meza. Sumaku ya spika husimamisha saa za betri, na siku hiyo saa kumi na moja za wateja zilisimama kwa mpigo mmoja. Fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yake, alipigwa kwa kugongea misumari kwenye ubao uliogusana na meza. Mama wa matunda, nisimsingizie mjomba, hakupigwa. Alimwagiwa ndoo yake mwenyewe ya maji, kisa tone la chungwa lililoruka upande usio wake.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," mjomba alikuwa akisema baada ya kila kofi, hata kama aliyepigwa alimzidi umri.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, na vidole vyake ungedhani ni vya mshona nguo za maharusi. Ukiviona vikishika skrubu isiyozidi chembe ya mchanga, ungeapa kwamba havijui kukunja ngumi. Vilijua. Nilikaa naye kwa sababu sikuwa na pa kwenda, hiyo ni kweli, lakini pia kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kunieleza kitu chochote mpaka nikakielewa mpaka mwisho. Mume wangu wa zamani hata kufunga mlango alinieleza nusu.

Watu hudhani saa ya betri haina kitu ndani, ni takataka inayojizungukia yenyewe. Mbele ya mjomba hukuweza kusema hivyo ukabaki na meno yako yote. Alinikalisha, akanivalisha lenzi jichoni, akaniwekea mashine moja ya saa kwenye kitambaa cheupe.

"Kile kichupa cha bati, unakiona? Kama punje ya mchele. Ndani mna kijiwe. Umeme wa betri ukikigusa kinatetemeka mara elfu thelathini na mbili mia saba sitini na nane kwa sekunde moja. Hakiongezi, hakipunguzi. Wewe hata chai huwezi kupika mara mbili ikafanana."

"Na hiki cheusi?"

"Hicho ndicho karani. Kazi yake kuhesabu. Hesabu ikitimia anaachia umeme kidogo uende kwenye koili. Koili inakuwa sumaku kwa kufumba na kufumbua, inaisukuma sumaku nyingine ndogo pale kwenye gia ya kwanza, ile kama ufuta, inageuka nusu. Gia inasukuma gia. Mshale unaruka. Hiyo ndiyo sekunde. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

Nikaanza kueleza, nikasema sumaku inageuka mzunguko mzima, nikapigwa rula kwenye vifundo. Tangu siku hiyo najua ni nusu.

Kila kanuni ya kazi hii naikumbuka kwa mahali iliponiuma. Betri isishikwe kwa kibano cha chuma, maana kinaunganisha pande zake mbili na kuinyonya: mkono wa kulia. Mafuta ni ya ncha ya sindano, yaende kwenye vishimo ambamo mihimili ya gia huzungukia, na yakifika kwenye koili umeshaua: sikio la kushoto. Betri iliyokufa isilale ndani ya saa, itavuja na kuota ukungu wa kijani: kisogo. Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde nne nne, usimtishe mteja kwamba saa imeharibika. Betri inaaga tu, na saa bado inasema kweli. Hiyo nilifundishwa bila kuguswa, kwa sababu mjomba alikuwa na homa.

Kanuni kubwa kuliko zote ilihusu koili. Ni waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara kwenye kijiti. Bisibisi ikiteleza ikaukwaruza, umekatika. Haushoneki. Mita ya kupimia umeme ukiiweka haisomi kitu. Mjomba alikuwa anasema koili iliyokwaruzwa ni ya kuzikwa, na aliyeikwaruza azikwe karibu yake.

Na jambo la mwisho katika kila saa, kabla ya kuifunga, alichukua sindano ngumu akakwaruza ndani ya mfuniko wa nyuma tarehe na alama yake: nusu duara yenye nukta katikati. Mafundi saa wengi hufanya hivyo. Mteja haioni kamwe, anaiona fundi mwingine atakayefungua saa hiyo miaka ijayo.

"Hiyo alama ni uso wangu," alisema. "Atakayefungua ajue nani wa kumsifu na nani wa kumtukana."

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mjomba alikwenda kuzika kwa wakwe zake, siku mbili. Nyuma akanikabidhi meza. Siku ya kwanza akaja jamaa mmoja, mchomeleaji vyuma, kifua kama mlango, akaleta saa ya marehemu baba yake. Ilikuwa inasimama na kutembea itakavyo. Nilipoifungua nikajua hapohapo: ile sumaku ndogo ilikuwa imeota manyoya ya vumbi la chuma kutoka kwenye karakana yake. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri sana, chuma na shaba tupu, hakuna plastiki. Nikaitoa sumaku, nikaigandua vumbi kwa gundi laini ya kunasia, nikairudisha. Nilijisikia fundi. Nilikuwa hata naimba.

Nikawa nakaza skrubu ya mwisho, ile inayoshika koili. Bisibisi ikateleza. Haikwenda mbali, milimita moja labda, lakini kwenye lenzi niliona waya mmoja umesimama wima peke yake.

Nilipima kwa mita mara tisa. Mara zote tisa haikusoma kitu. Nikatapika kwenye ndoo ya mama wa matunda.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza skrubu, na mjomba alinipasua mdomo. Skrubu! Skrubu ziko kopo zima. Nikajiuliza koili ya mashine ambayo mjini kote hakuna nyingine itanigharimu nini, na nikaona jibu lake wazi kabisa, nikiwa sakafuni. Basi nikafanya jambo ambalo fundi saa hafanyi. Nikachukua mashine ya plastiki, ile ya saa za kugawia watoto, iliyokaribiana nayo kwa ukubwa. Sahani ya tarakimu ina miguu miwili midogo ya kuishikiza. Haikuingia kwenye mashine ile, nikaikata kwa koleo, nikabandika sahani kwa gundi. Mjomba alikuwa na tabia ya kukagua mifuniko, nami sikuwa na ruhusa ya kuwa na alama yangu. Nikakwaruza tarehe. Nikakwaruza nusu duara na nukta.

Mchomeleaji alipokuja aliiweka sikioni, akacheka, akanipa mkono wenye vidole kama mihogo.

"Asante sana, dada. Mzee angefurahi."

Ile mashine ya kweli niliitia kwenye kikopo cha vidonge. Nilitaka siku moja nipate koili yake nirekebishe. Siku hiyo haikuja.

Mwaka uliofuata mjomba alinirushia jiliwa, lile dogo la kubania, likanikosa likavunja taa. Nikakusanya vibano vyangu na kile kikopo cha vidonge, nikahamia upande wa pili wa njia, hatua kumi na mbili, nikafungua meza yangu. Miezi minne hatukusalimiana. Kisha siku moja fundi viatu akaniletea kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kibano cha shaba, kile chake kizuri kisichovutwa na sumaku. Hakikuwa na salamu yoyote. Nilikiweka kwenye kitambaa nikalia kama mjinga, wateja wananiangalia. Nilimpenda mzee yule. Nilimwogopa, nilimchukia siku nyingine, na nilimpenda, na sioni kwa nini nichague.

Ilipita miaka sita. Mchomeleaji alihama, akarudi. Ile mashine ya plastiki ikafa kifo chake cha kawaida, naye akaipeleka saa kwenye duka kubwa lenye vioo. Huko wakaifungua, wakaitana kuja kuona, wakacheka. Wakamwambia: bwana, umebadilishiwa mashine, na mwizi wako ni mkarimu, ameacha saini.

Alikuja asubuhi, soko limejaa, na wadogo zake wawili nyuma yake. Alikuwa bado amevaa aproni ya ngozi, na kwenye mshipi wake ilining'inia nyundo. Alipita mbele yangu bila kunitambua. Mimi nilimtambua kwa vile vidole.

"Pumzi ni nani hapa?"

"Rudi nyuma kwanza, halafu uliza," mjomba alijibu bila kuinua kichwa.

Mchomeleaji akaweka saa mezani, mgongo wazi, na mfuniko pembeni. "Hii alama ya nani?"

Mjomba akavaa lenzi, akatazama. "Yangu." Alisema kwa fahari, kama mtu anayetambua mwanawe.

"Na hii mashine?"

Akaigeuza saa kwenye mwanga. Nilikuwa ng'ambo ya njia lakini niliona mabega yake yanavyobadilika. Aliona plastiki. Aliona gundi. Aliona, najua aliona, miguu iliyokatwa.

"Hii si kazi yangu."

"Alama yako, kazi si yako?"

"Alama yangu. Kazi si yangu."

"Mzee, hii ni saa ya marehemu baba yangu. Usinichezee. Mashine ya shaba umeipeleka wapi?" Mchomeleaji akainama, akachomeka kidole chake kizima, na masizi yake, ndani ya saa iliyo wazi. "Hapa palikuwa na shaba!"

Mjomba akamzaba kofi.

"Toa kidole kwenye mashine!"

Hata ile mashine ya plastiki, ambayo asingeifungia hata kwenye saa ya adui yake, aliitetea. Mkono ulitangulia akili, kama siku zote. Ila safari hii aliyepigwa hakuwa mpwa wake.

Ngumi ya kwanza ya mchomeleaji ilimtoa mjomba kwenye kiti na kumgongesha kwenye ngazi. Wale wadogo zake wakaruka juu ya meza, kioo kikapasuka, saa za watu zikamwagika chini zikakanyagwa. "Mwizi!" mmoja akapiga kelele, na neno hilo sokoni halihitaji kusemwa mara mbili. Muuza simu alikuwa wa kwanza kufika. "Za mwizi arobaini!" alipayuka, akampiga mjomba teke la mbavu, akarudi nyuma kujipa nafasi, akampiga lingine. Watu ambao sikuwahi kuwaona walikuja mbio wakiuliza "kaiba nini?" huku tayari wanapiga. Mama wa matunda hakupiga. Alisimama na kisu chake cha kumenyea, anatazama, na uso wake haukuwa wa huruma.

Mimi nilikuwa nimekaa. Lenzi ilikuwa bado jichoni, na kwenye kitambaa changu saa ya mteja ilikuwa inatembea, kwa hiyo najua nilikaa muda gani. Kuanzia kofi la mjomba mpaka nilipofungua mdomo ni dakika tatu na nusu. Watu huniambia nilipigwa na butwaa. Siyo. Nilikuwa naelewa kila kitu. Nilifikiri: nikisema, watamwacha yeye waje kwangu. Na chini ya woga huo kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, inasema: mwache na yeye aonje. Naisema kwa sababu ilikuwepo.

Wakamwinua. Fundi viatu alimshika miguu. Baadaye aliapa kwamba alikuwa anajaribu kumvuta atoke, na huenda ni kweli. Mdogo mmoja akaubana mkono wa kulia wa mjomba juu ya ubao wa meza.

"Mkono unaokwaruza alama ni huu?" mchomeleaji aliuliza, akachomoa nyundo.

Nyundo ikashuka. Mlio wake haukuwa mkubwa. Mjomba ndiye aliyepiga ukelele ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nyundo ikashuka tena. Kisha wakaubana wa kushoto, ikashuka, na hapo ndipo nilipoona kuwa nimesimama juu ya meza yangu.

"Ni mimi! Niliibadilisha mimi! Mwacheni!"

Hakuna aliyegeuka. Kwenye kelele ile ningeweza kutangaza kiama. Nikaruka chini, nikavuta droo, nikachukua kikopo cha vidonge, nikajitupa ndani ya watu. Nilimng'ata mtu mkono mpaka nikasikia damu yake mdomoni. Nikapita chini ya kwapa la mwingine, nikajilaza kifudifudi juu ya ubao, juu ya ule mkono. Nyundo ilikuwa imeshaanza kushuka. Ilinikuta kwenye mtulinga, na mfupa ukavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu.

"Wewe nani?" mchomeleaji alifoka.

"Wewe ulinipa mkono. Uliniita dada. Ulisema mzee angefurahi." Nilikuwa siwezi kupumua vizuri. Nikafungua kikopo kwa meno. "Mashine ya baba yako hii hapa."

Akaishika. Kwenye kiganja chake ilionekana kama kifungo cha shati. Aliitazama, akaigeuza, akanitazama. Watu wa mbele wakaanza kunyamazishana.

"Hiki?"

"Hicho. Nilikwaruza koili. Nikaogopa, nikaweka nyingine, nikatia alama yake. Yeye hakuwepo, alikwenda kuzika. Hajui kitu."

"Uliogopa nini?"

Nikanyoosha kidole kumwonyesha mjomba, aliyekuwa amelala chini ya meza, macho yamegeuka, damu inamtoka sikioni.

"Nilimwogopa huyu."

Mchomeleaji alinipiga kwa nyuma ya mkono, nikatema jino. Kisha akakaa kwenye kiti cha mjomba, mtu mkubwa vile kwenye kiti kidogo vile, ameikumbatia mashine ya baba yake, akalia kwa sauti. Watu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli zao. Muuza simu alirudi kupanga simu zake. Mama wa matunda akaja na ndoo, akamwosha mjomba uso, akaniambia, "Ungesema mapema." Nilimjibu najua.

Siku ya nne, mkono wangu umefungwa kifuani, nilikwenda kumwona wodini. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya plasta mpaka viwikoni. Daktari alikuwa ameshasema kwamba wa kushoto utashika kijiko, wa kulia utashika kitasa cha mlango, na saa asahau. Mkewe, mwanamke mnene, mcheshi, niliyekula chakula chake mwaka mzima, alikuwa anamlisha uji. Mjomba alinitazama kwa jicho moja lililofunguka, akatabasamu. Sikuwahi kumwona akinitabasamia, na nilitamani asingefanya.

"Wameniambia ulivyojitupa," alisema. "Umejitwisha kosa langu. Damu nzito kuliko maji. Lakini uongo wa kuokoa mtu ni uongo vilevile, usirudie."

"Mjomba..."

"Ngoja. Nimefikiria siku nne. Alama ni yangu, tarehe ni ya mwaka ule. Basi nilifanya mimi. Nilizeeka bila kujijua, nikaua koili ya mtu, nikakata miguu ya sahani, nikabandika kwa gundi, nikasahau. Daktari anadhani ananihurumia akisema sitashika saa tena. Hata mikono ingepona nisingeshika. Mtu wa namna hiyo akatwe mikono." Chozi likamshuka, akashindwa kulipangusa, mkewe akalipangusa kwa ncha ya kanga.

"Na ile mashine niliyomwonyesha?" niliuliza.

"Droo yako imejaa mashine za zamani. Ulichukua ya kufanana. Ulifikiri haraka. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Ningeweza kumshika bega, kumwambia apone haraka, na kutoka. Alikuwa ameshajitwika kosa ambalo hakujua kwamba ni langu, na alikuwa ameshanisifu juu yake. Hakuna mtu ambaye angeniuliza tena. Na yeye angekwenda kaburini akijiita mwizi.

"Haukuwa uongo," nilisema. "Ni mimi. Ulikuwa msibani."

Akauliza, kwa sauti ya mezani, "Bisibisi ipi?"

"Ile nyembamba, ya mpini mwekundu."

"Ulikuwa unakaza au unalegeza?"

"Nakaza."

"Ulizuia ncha kwa kidole?"

"Hapana."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mpwa wangu, miaka yote hii. Kwa nini hukunieleza?"

"Ungenipiga."

Plasta ya mkono wa kulia ikainuka kutoka kwenye shuka. Niliiona inakuja, na sikukwepa. Nilisogeza uso karibu, asijiumize kunifikia. Ilisimama hewani, kisha ikashuka yenyewe kwa uzito wake.

"Ningekupiga," alisema. "Ndiyo. Ningekupiga sana."

Mkewe aliweka bakuli la uji chini.

"Na mimi ninayo yangu niliyokuficha," alisema. "Ya miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nasubiri siku ambayo hutaweza kuinua mkono."

Mjomba akageuza kichwa kumtazama. Mkewe hakuwa na hasira usoni. Alimpangusa uji kidevuni, akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza na la mwaka wa kwanza wa ndoa yao.